Fundi Aliyekaa Nje ya Dirisha

Alhamisi ya kwanza ya mwezi wa tatu mwaka huu tulimpoteza baba mkwe wangu. Alifia nyumbani kwake hapa Matongo, asubuhi, watu wakiwa wameshaamka, katika nyumba ya vyumba viwili inayotazamana na yangu. Kule senta walisema wamepoteza fundi. Mume wangu na ndugu zake walisema wamepoteza baba. Mimi sikujua niseme nimepoteza nini. Nimeishi naye boma moja tangu nilipoolewa, nimempikia, nimemfulia, amenifundisha kazi, na sikuwahi kula naye wala kumshika mkono. Sikio lake la kulia nalijua kuliko uso wake, maana ndilo alilonigeuzia kila tulipozungumza.

Katika ukoo wa mume wangu, kama ilivyo kwa Wakurya wengi wa zamani, baba mkwe na mke wa mwanawe wanaheshimiana kwa kukaa mbali. Yeye haingii nyumba yangu, mimi siingii yake. Kitu hakitoki mkononi mwangu kikaingia mkononi mwake. Nakiweka kwenye kigoda, naondoka, naye anakuja kukichukua. Ipo namna ya kuiondoa heshima hiyo. Wazee wa ukoo wanakaa, mbuzi anachinjwa, wanasema maneno yao, na kuanzia siku ile mkwe anaweza kuingia. Siku hizi wengi hawasubiri hata huyo mbuzi. Walioko Tarime mjini wanakaa na wakwe zao sebule moja wakiangalia tamthilia. Baba mkwe wangu hakulegeza.

Alikuwa na kikohozi chake cha kutokea nje. Kabla hajafungua mlango alikohoa, kikohozi kifupi na kikavu, ili kama niko uani nimegeuka au nimeinama kwenye sufuria nijue anapita. Nilivuta kanga, nikatazama upande mwingine, akapita. Mgeni angedhani mzee ana kifua. Mama mkwe alipokuwa hai alimtania kwa hilo. Alimuuliza kama anakohoa au anapiga honi, naye akajibu kwamba honi ni ya bodaboda, yeye ni lori.

Bodaboda hakupanda maisha yake yote. Alizitengenezea taa, alizitengenezea redio zile zinazofungwa kwenye usukani, lakini kuzipanda hapana. Alitembea kwa miguu kutoka hapa hadi kibanda chake cha senta, na kurudi, mvua au jua, huku vijana aliowajua tangu wakiwa watoto wakipunguza mwendo kumbembeleza apande bure. Mtu huyu ambaye aliingiza mkono ndani ya televisheni ya zamani ambayo mafundi wengine waliiogopa, aliogopa kukaa nyuma ya pikipiki. Nilimsikia akimwambia mmoja wao, "Umeme mimi najua unakotoka. Wewe sijui unakotoka wala unakokwenda."

Alikuwa mtu wa namna hiyo, mkali upande mmoja na mzembe upande mwingine. Mteja akileta pasi yenye waya uliochubuka, alimgombeza kama mtoto. Lakini nyumbani kwake, mama mkwe alinisimulia, taa ya chumbani ilining'inia kwa nyaya zilizo wazi, na redio ilichomekwa bila plagi, ncha mbili za waya zimekazwa kwenye tundu za ukutani kwa vijiti vya kiberiti. Akisemwa, alijibu kwamba hizo nyaya zinamfahamu.

Kanisani aliacha kwenda kwa sababu ya spika. Alisema hawezi kusikiliza sala kwenye spika iliyopasuka. Wazee wa kanisa walimfuata, wakambembeleza, akaibeba spika ile akaitengeneza bila kudai kitu. Jumapili iliyofuata alienda, akakaa nyuma, sauti ikatoka safi. Kisha hakuonekana tena. Mama mkwe alipomuuliza ana kisingizio gani sasa, alisema zamani alikuwa hasikii, sasa anasikia kila neno, na maneno yenyewe ndiyo hayo.

Nimecheka mara nyingi kwa mambo yake, lakini nilichekea jikoni. Kucheka mbele yake haikuwa adabu.

Kazini alikuwa na jambo moja alilolishika kuliko yote. Maikrowevu zilipoanza kuingia huku, kwenye nyumba za watu waliopata kazi mgodini au waliookota dhahabu kidogo huko Nyakunguru, zililetwa kwake zikiwa na ugonjwa uleule. Mashine inawasha taa lakini haipashi, au unafunga mlango inakaa kimya kana kwamba hujafunga. Karibu kila mara shida ilikuwa swichi za mlango. Ni vitu vidogo vya plastiki, kama nusu ya kiberiti, vimejificha ubavuni karibu na kitasa. Mlango ukifungwa unazibonyeza, nazo zinaruhusu umeme. Mlango ukifunguliwa zinaachia, na mashine inasimama. Zikichoka, mashine haijui tena kama mlango uko wazi au umefungwa.

Mafundi wengine pale senta walikuwa na dawa ya haraka: wanatoa swichi, wanaunganisha nyaya mbili moja kwa moja. Kupiga dairekti, ndivyo wanavyosema. Mashine inafanya kazi, mteja anafurahi. Lakini sasa itaendelea kupika hata mlango ukiwa wazi, na moto wake hauonekani kwa macho. Baba mkwe hakukubali hilo kwa mtu yeyote. Mchimbaji mmoja alimjia na ya kwake, akitaka apigiwe dairekti kwa sababu ana haraka. Mume wangu alikuwa kibandani siku hiyo na alinisimulia mara nyingi.

"Haraka ya kwenda wapi," baba mkwe alimuuliza, "na umekuja na mashine ya kupashia ugali wa jana?"

"Mzee, mimi nitakuwa naichomoa kwanza ndipo nafungua mlango. Mimi siyo mtoto."

"Wewe siyo mtoto. Nyumbani hakuna mtoto?"

 Mchimbaji akaiacha mashine, ikakaa pale mpaka swichi ikapatikana upande wa Sirari.

Ya kwetu ilitoka Ikoma. Mume wangu ni mpishi kwenye kambi moja ya wageni karibu na geti la hifadhi, anarudi nyumbani mwisho wa mwezi. Kambi ilipobadilisha vyombo vya jikoni, wafanyakazi waligawana vile vya zamani kwa kura, yeye kura ikampa maikrowevu. Ilikuja imefungwa nyuma ya bodaboda kwa mipira, imefunikwa shuka, na majirani walikuja kuiona kama wanakuja kuona mgonjwa. Baba mkwe hakuja, maana ilikuwa ndani kwangu. Alikohoa, akapita uani, na bila kutazama upande wangu akasema kwa sauti ya kutosha nisikie kwamba ile ni mashine ya kuheshimu, nisiweke kijiko ndani.

Mwanzoni niliitumia kidogo. Mama mkwe alipofariki ndipo nilipoijua faida yake. Kupika kwa baba mkwe kukawa juu yangu, na kifua chake kikaanza kumshinda. Hakuweza tena kula sahani nzima. Alikuwa anakunywa uji wa ulezi, vijiko vichache, anapumzika, anarudia baadaye, na ukipoa hakuumeza. Kuwasha kuni kila mara, wakati wa mvua, kulikuwa mateso. Sasa nilipika uji asubuhi, nikaugawa, nikawa naupasha kidogo kidogo mchana kutwa na kuupeleka kwenye kigoda katikati ya uani. Nilirudi ndani. Alikohoa, akatoka, akachukua.

Ila kikohozi sasa kilikuwa kimeharibika. Zamani kilikuwa na maana moja. Sasa alikohoa usiku na mchana, na mimi sikujua tena lini anatoka na lini anaumwa. Mara nyingi nilivuta kanga nikageuka, nikasubiri mlango ufunguke, haukufunguka. Mara nyingine nilimkuta yuko katikati ya uani, tukashtuka wote wawili kama wezi.

Mvua za Aprili mwaka jana mashine ikafa. Nilifunga mlango, nikabonyeza, kimya. Mume wangu yuko Ikoma, binti yetu Ghati yuko shule ya bweni. Kumpelekea fundi mwingine nilijua baba mkwe hatakubali, na nilijua watakachoifanyia. Zamani kitu kikiharibika nilikitoa nje nikakiweka kwenye benchi, nikaondoka, akakitengeneza. Lakini siku zile mikono yake ilikuwa inatetemeka, skrubu ndogo ilimponyoka, na mvua ilikuwa hainyamazi. Nilisimama mlangoni mwangu nikamwambia kwamba imekufa.

 Akasema, "Mama Ghati, mimi mikono imekataa. Mikono utatoa wewe."

Ndivyo alivyonifundisha. Alikuja na kiti chake, akakiweka chini ya dirisha la jikoni kwangu, mahali ambapo ezeko la bati linazuia mvua, akakaa ameegemea ukuta, uso wake ukitazama shamba la muhogo. Mimi nilikuwa ndani, mashine mezani. Sikumwona isipokuwa kofia yake. Bisibisi na mita yake ya kupimia umeme aliviweka kwenye kizingiti cha dirisha, akaondoa mkono, nami nikavichukua.

Alinifanya nichomoe plagi na kuiweka mahali ninapoiona, kwa sababu alisema mtu akisahau hafi aliyeichomeka, anakufa aliyeshika. Alinifanya nifungue bati la juu na nisiguse kitu. Akaniuliza kama naona kopo la bati lenye miguu miwili juu. Nikaliona. Akasema hilo linaitwa kapasita, linaweka umeme hata baada ya kuchomoa, ndilo lililoua mafundi wanaojisifu. Akanifundisha kulimaliza nguvu kwa bisibisi yenye mpini wa plastiki, mkono mmoja tu, mwingine niuweke mgongoni. Nilipofanya hivyo, ilitoka cheche ndogo nikaruka. Aliisikia.

"Umekufa?"

"Hapana, baba."

"Basi tuendelee."

Swichi zilikuwa tatu. Akaniambia zimepangwa kutoka juu kwenda chini, na zinafanana kwa macho lakini hazifanyi kazi moja. Mbili za juu zinapitisha umeme zikibonyezwa. Ya chini inafanya kinyume, inakata ikibonyezwa. Hiyo ni askari wa hizo mbili, na nisiiguse. Nipime mbili za juu, iliyokufa niitoe, niweke mpya kutoka kwenye bahasha aliyoiacha dirishani.

Nilipima. Moja ikapiga ti nikiibonyeza lakini sindano ya mita haikusogea. Nikamweleza. Akafurahi, akasema hiyo ndiyo, inasema lakini haifanyi, naye ameshakutana na watu wa hivyo. Nikaitoa, nikaweka mpya, nikarudisha nyaya, nikafunga, nikachomeka, nikaweka kikombe cha maji ndani, nikafunga mlango, nikabonyeza. Ikalia pa, kila kitu kikazima.

 Kutoka nje akaniuliza, polepole, "Mama Ghati. Hiyo mashine umeisimamisha au umeilaza?"

Nilikuwa nimeilaza. Meza yangu ni nyembamba, na nilitaka kuona vizuri, kwa hiyo niliilaza kwa ubavu, paa la mashine likanielekea mimi. Kwangu swichi ya chini ilikuwa ile iliyo karibu na tumbo langu. Kwake ilikuwa ile iliyo karibu na miguu ya mashine. Niliacha ya juu nikidhani ndiyo askari, na askari mwenyewe ndiye niliyempima. Nilipomwona hapitishi akibonyezwa, jambo ambalo ndilo kazi yake, nikasema amekufa, nikamng'oa na kuweka wa aina nyingine mahali pake. Fyuzi ikaungua, kama inavyotakiwa.

Nilipomweleza alicheka. Alicheka mpaka kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kikamshika muda mrefu, nami nimesimama ndani nimeshika bisibisi. Alipopata pumzi alisema, "Mimi nafundisha mashine iliyosimama, mwanafunzi ana mashine iliyolala. Hata waziri angefeli."

Mtu yeyote mwingine angetupa jicho moja dirishani akasema siyo hiyo. Hapo ndipo niliposikia kiti kikisogea. Akasimama. Nikasikia ndala zake, hatua mbili hivi, na kofia ikainuka dirishani. Nikajua anataka kuja kuangalia. Nilirudi nyuma nikashika ukuta wa upande mwingine ili apate nafasi, kanga kichwani. Ndala zikasimama. Nilisikia pumzi yake. Kisha kofia ikashuka, kiti kikalia tena, na sauti yake ikasema nimwelezee upande wa vitufe uko wapi.

Sijui kama ningefurahi angeangalia. Wakati ule nilishukuru kwamba hakuangalia. Leo nalifikiria dirisha lile kila ninapoosha vyombo.

Tulirudia. Fyuzi aliitoa kwenye mashine nyingine iliyokufa kibandani, akaiacha dirishani kesho yake. Askari nikamrudisha mahali pake, na ile ya juu niliyokuwa nimeiogopa ndiyo ilikuwa mbovu. Nilipobonyeza, sahani ya kioo ikazunguka, taa ikawaka, na maji yakaanza kutoa mvuke. Nikamwambia imepona.

"Bado," akasema. "Fungua mlango ingali inazunguka."

Nikafungua. Ikazima palepale.

"Imenyamaza?"

"Imenyamaza, baba."

"Mafundi wengi wanajaribu kama inawaka. Wewe jaribu kama inazima. Sasa imepona."

Baada ya hapo watu wachache wa jirani walianza kuniletea vya kwao, naye alikaa dirishani na kuniongoza. Hatukumwambia mtu kwamba yeye hagusi. Wakimpa sifa, alizipokea, kisha akakohoa kuelekea jikoni kwangu.

Mwisho wa mwaka akashindwa kukaa hata dirishani. Akawa wa kitandani. Hapo ndipo jambo la mbuzi lilipokuja kwa uzito. Chakula niliweza kukipeleka kwenye kigoda, lakini kigoda kilikuwa kimeshasogezwa mpaka kwenye kizingiti chake, na hata hapo alichelewa kufika. Mara nyingi niliukuta uji umeganda. Nilikuwa mita chache kutoka kwa mgonjwa ninayemwita baba kwa heshima yangu yote, na siwezi kumwinua akae. Nilimweleza mume wangu. Akaja, akazungumza na baba yake, akasema wazee wako tayari, mbuzi yupo. Baba mkwe akasema tutaona baada ya kuvuna. Tukavuna mahindi. Akasema tungoje mvua. Kaka wa mume wangu akapiga simu kutoka Musoma akamkasirikia, akasema mila itamuua. Mimi pia niliilaumu mila. Niliilaumu kwa kila mtu aliyenisikiliza, hata kwa mchungaji.

Kisha siku moja, adhuhuri, nilikuta uji wa asubuhi haujaguswa. Nikasimama nje ya mlango wake ulioegeshwa. Alikuwa anakohoa bila nguvu.

"Tata," nikamwita. Hilo ni neno la Kikurya la baba, sikuwa nikilitumia kwake. "Tata, naingia."

"Usiingie."

"Wazee watanisamehe. Mila itanisamehe."

 Nilidhani amelala. Kisha akasema, kwa sauti ya chini sana, "Si mila, Mama Ghati. Humu ndani kunanuka."

 Nilisimama mkono uko kwenye mlango, na sikuusukuma. Nikaelewa kwa nini alisubiri mavuno, na kwa nini alisubiri mvua. Alikuwa hafiki chooni tena. Mila ilikuwa mlango aliobaki nao wa kujifungia, nasi sote tulikuwa tunausukuma.

Nilirudi jikoni, nikapasha uji, nikachemsha maji. Nikayaweka kwenye beseni mlangoni, na sabuni, na shuka safi, na nepi za watu wazima ambazo mume wangu alikuwa amezileta kutoka Mugumu na mzee akakataa kuzitazama. Nikagonga, nikaondoka. Jioni shuka chafu ilikuwa nje, imekunjwa vizuri mno, kama ya dukani. Nikaifua na kuianika nyuma ya nyumba mahali pasipoonekana kutoka njiani. Tuliendelea hivyo. Hakuna aliyejua isipokuwa sisi wawili, na sisi wawili hatukulizungumza. Aliyejua jinsi alivyoweza kujibadilisha peke yake na mikono ile ni yeye. Nilisikia vitu vikianguka. Nilimsikia akitukana, polepole, kwa Kikurya.

Ninachojutia siyo kwamba nilimtii. Najutia kwamba alilazimika kuniambia. Kwa mtu aliyekohoa miaka yote ili nisimwone hata akipita, lile neno lilimgharimu kuliko ugonjwa.

Wifi yangu akaja kutoka Mugumu mwezi wa pili, na binti wa kuzaa hana heshima hiyo ya ukwe, kwa hiyo akaingia siku hiyohiyo, akafungua madirisha, akadeki, akamwogesha baba yake huku akimgombeza. Alipotoka alinitazama muda mrefu akauliza shuka zote hizi safi zimetoka wapi. Nikasema sijui. Hakuuliza tena.

Chumba kikiwa safi, mzee mwenyewe akasema wazee waitwe. Walikuja wiki ya mwisho ya mwezi ule, wazee wa ukoo, wakakaa kwenye kivuli cha nyumba yake. Mbuzi akachinjwa. Walisema maneno yao, wakanipaka mafuta kidogo mkononi, mmoja akatania kwamba sasa sina tena sababu ya kumpelekea mzee uji uliopoa. Watu wakacheka, wakala, wakaondoka. Wifi akachukua ndoo akaenda bombani.

Nilipasha uji. Nikaubeba, nikavuka uani, nikafika mlangoni kwake, nikasimama kwa mazoea. Kisha nikaingia.

Chumba kilikuwa kidogo kuliko nilivyodhani. Aliposikia hatua zangu si za binti yake, alivuta blanketi likamfunika uso wote. Haikuwa hasira. Mikono ilijivuta yenyewe, kama yangu inavyovuta kanga.

"Shikamoo, baba," nikasema.

"Marahaba," ikasema sauti chini ya blanketi.

Niliweka bakuli kwenye meza ndogo kando ya kitanda. Nikangoja. Blanketi lilipanda na kushuka kwa pumzi yake. Nilifikiri nitoke nimwache ale mwenyewe kama siku zote, nikakumbuka hawezi kujiinua. Nikabaki nimesimama, sijui mikono niiweke wapi.

"Bado hujatoka?" akauliza.

"Bado, baba."

Akavuta pumzi mara kadhaa. Blanketi halikusogea.

"Basi keti," akasema.

Hapakuwa na kiti. Nikaketi kwenye ukingo wa kitanda, karibu na miguu yake, nikamsikiliza akipumua, mpaka wifi aliporudi na maji.